Difu gani ya kuvutia tela la kompresa kwenye Land Cruiser 79 ya 1HZ?

Mkuu swali lako nalifupisha ili na wengine wafuatilie. Una Land Cruiser 79 singo kebini, injini 1HZ, kazi yenu ni kuchimba visima. Unavuta tela la kompresa unalokadiria tani 2.5, bodi ina mabomba, vijana na vifaa, jumla gari na tela unaweka tani tano na nusu. Njia zenu ni Morogoro, Iringa mpaka Njombe. Ulitoa tairi za 7.50R16 zilizokuja na gari ukafunga 285/75R16 na tangu hapo mlima Kitonga umekuwa adhabu. Fundi mmoja ana difu ya 3.9 aliyoitoa kwenye 79 ya V8 iliyogongwa, anakwambia funga hii gari itafunguka. Mwingine anakwambia agiza 4.88, itapanda hata ukutani. Unauliza uchukue ipi.

Usichukue hata moja. Ya 3.9 itakuumiza, ya 4.88 imezidi, na kuna njia rahisi zaidi ambayo wala haihitaji kufungua difu. Sasa ngoja nikueleze kwa namba maana hili jambo ukiliongea kwa maneno matupu kila mtu anakuwa sahihi.

Difu ni ile seti ya gia ndani ya ekseli, na propela ni shafti inayoleta mzunguko kutoka giaboksi. Difu ya 4.1, ambayo ndiyo nachukulia iko kwenye gari yako sasa, maana yake propela inazunguka mara 4.1 ndio tairi lizunguke mara moja. Ndani pinioni (gia ndogo inayozungushwa na propela) ina meno 10, krauni (gia kubwa inayozungusha ekseli) ina meno 41, ndio hiyo 4.1. Ile ya 3.9 ni meno 43 kwa 11, 4.3 ni 43 kwa 10, 4.56 ni 41 kwa 9, na 4.88 ni 39 kwa 8. Namba ikiwa kubwa tairi linapata msukumo mwingi ila injini inazunguka zaidi kwa spidi ileile, namba ikiwa ndogo kinyume chake. Difu haiongezi hata farasi mmoja kwenye injini, kazi yake ni kuamua injini iwe kwenye mzunguko gani wakati gari iko spidi fulani, na hapo ndio mafundi wengi wanapopotezana kwa sababu mtu akisikia gari imekuwa nyepesi mguuni anadhani imeongezeka nguvu.

Injini yako tuijue kwanza. 1HZ ni silinda sita, lita 4.2, haina tabo (feni ya kusukumia hewa ndani ya injini), inatoa torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya kama Nm 285 ikiwa kwenye mizunguko 2,200 na nguvu yake ya juu ni kama farasi 130 kwenye 3,800. Ni injini ngumu kufa lakini nguvu yake ni ya kiasi, na kwa sababu haina tabo kila ukipanda mita 100 kutoka usawa wa bahari inapoteza kama asilimia 1 maana hewa inakuwa nyepesi. Njombe mjini ni karibu mita 2,000, kwa hiyo ukifika pale umeacha njiani karibu moja ya tano ya injini yako, na hilo hakuna difu italirudisha.

Twende kwenye mlima wenyewe. Chukua kipande cha mwinuko wa asilimia 8, yaani kila mita 100 za barabara unapanda mita 8, sisemi Kitonga yote ni hivyo, kuna sehemu kali na sehemu laini, hii ni ya hesabu tu. Gari na tela tani 5.5. Kuupanda huo mwinuko peke yake unahitaji msukumo wa kilo 440, ongeza ukinzani wa tairi kama kilo 80, jumla kilo 520. Upepo niachie, kwa spidi hizo ni kidogo. Sasa tuko mita 1,200 juu ya bahari, torki yako imeshuka kutoka 285 mpaka kama 250, toa na inayopotea kwenye giaboksi, propela na difu yenyewe kama asilimia 12. Gia ya pili ya giaboksi yako ni kama 2.3. Ukiwa na difu ya 4.1 na tairi za zamani za 7.50R16, gia namba mbili inakupa kilo kama 530 kwenye tairi. Unahitaji 520, unazo 530. Gari inapanda, taratibu, lakini inapanda na gia namba mbili.

Weka sasa tairi zako za 285/75R16. Kipenyo cha 7.50R16 ni kama milimita 808, hizo za 285 ni 834. Tairi limekua kwa asilimia 3 na kidogo, na tairi likikua ni sawasawa kabisa na kupunguza namba ya difu, kwa hiyo bila kugusa bolti hata moja umeigeuza 4.1 yako ikawa kama 3.97. Zile kilo 530 zimekuwa 514. Unahitaji 520. Umeona shida iko wapi? Unakosa kilo sita tu, lakini kukosa ni kukosa: mizunguko inaanza kushuka, 2,000, 1,800, moshi mweusi unatoka, huna jinsi unarudi gia namba moja. Na hapo ndio adhabu yenyewe, kwa sababu gia namba mbili kwenye 2,200 inakupandisha kwa karibu kilomita 35 kwa saa, gia namba moja kwenye mzunguko huohuo unatembea chini ya 20, semi za Zambia zinakupigia honi nyuma na temprecha inaanza kupanda maana hewa ya kupoza rejeta hakuna.

Kwa hiyo malalamiko yako sio ya kufikirika na wala injini haijachoka (japo chujio la hewa na nozeli zicheki, sio gharama).

Sasa ile 3.9. Fanya hesabu ileile na tairi zako za sasa, unapata kilo 490. Umetoka kukosa kilo sita unakwenda kukosa thelathini. Nakubali kwamba ni difu halisi ya Toyota na ipo kwenye 79 za V8 lakini jiulize kwa nini Toyota waliiweka kule: ile V8 ya dizeli ya lita 4.5 ina tabo na inatoa Nm 430, na inaanza kuzitoa kutoka mizunguko 1,200. Injini yenye torki mara moja na nusu ya yako inaweza kubebeshwa difu ya namba ndogo na isihisi kitu. Fundi anaposema gari itafunguka hadanganyi, kwenye lami ya tambarare gari ikiwa tupu itakimbia na injini itakuwa kimya, ila wewe hukununua gari ya kukimbia tupu. Na kuna lingine, krauni na pinioni husagana pamoja, zikishazoeana ndani ya nyumba moja ya difu ukizihamishia nyumba nyingine bila kupimwa upya zinaanza kulia. Gari imegongwa, hujui kama ekseli haikupata mshtuko. Bei rahisi sawa, lakini ukijumlisha na kazi ya kufungua sio rahisi tena.

4.88 nayo. Kwa hesabu ile itakupa kilo zaidi ya 600, nguvu ya kutosha kabisa kwenye gia mbili, na watu wanaitumia, sana sana waliofunga tairi za inchi 35 na kuendelea wanaoshinda kwenye tope na mawe. Kwako naona imezidi kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wanategemea 4.88 itawapandisha mlima kwa gia namba tatu, na haitafanya hivyo: gia namba tatu na 4.88 inakupa kama kilo 380, unahitaji 520, kwa hiyo bado uko gia mbili ileile, tofauti ni kwamba sasa injini inapiga kelele zaidi. Siku gari tupu mnarudi Morogoro, kilomita 100 kwa saa gia ya tano utakuwa kama 2,700, wakati sasa hivi uko kama 2,250. Safari ndefu utaisikia kwenye masikio na kwenye mafuta. Pili, pinioni ya meno nane ni ndogo, kichwa chake ni chembamba kuliko cha meno kumi, na mzigo wote wa tela unapita hapo. Sisemi itavunjika kesho, nasema kama huna haja nayo usiichukue.

Na usidanganyike na unachosoma cha Wamarekani. Wao pikapu inaagizwa kiwandani ikiwa na uchaguzi wa difu, mfano Ram 1500 mtu anachagua 3.21, 3.55 au 3.92 kutegemea anavuta nini, kwa hiyo utakuta mabishano marefu kwamba 3.73 inatosha tani ngapi. Lakini zile ni injini kubwa za petroli na giaboksi otomatiki za gia nane mpaka kumi, gia namba moja yenyewe inafika 4.7, kila mlima una gia yake. Wewe una gia tano na hatua kati ya mbili na tatu ni kubwa mno. Namba zao hazihamii kwako.

Mimi ningefanya hivi. Kitu cha kwanza rudisha tairi. 7.50R16 zenyewe, au kama unataka pana kidogo na bado mzigo unabeba basi 235/85R16, kipenyo chake ni milimita 806, karibu sawa kabisa na 7.50. Umerudi kwenye 4.1 halisi, gia namba mbili inapanda, spidomita inasema kweli, na ukiwa na tela gia ya nne kwenye kilomita 80 injini iko karibu 2,190, yaani palepale torki ilipo juu. Hiyo sio bahati, Toyota walipiga hesabu hiyohiyo. Tairi za 285 uza, wateja wapo wengi, huenda usiongeze hata hela.

Kama tairi za 285 unazihitaji kweli, labda sehemu mnazochimba kuna mchanga au mashamba ya tope na umeshazoea, basi tafuta 4.3. Ukiwa na 285, difu ya 4.3 inakupa kilo 540 kwenye ule mlima, gia nne kwa 80 unakuwa kama 2,220, gari tupu gia tano kwa 100 kama 2,360. Kwa maneno mengine inakurudisha ulipokuwa na 4.1 na tairi za zamani, na nafuu kidogo juu. 4.3 ikikosekana au ukitakiwa kupandisha tani zaidi huko Njombe, 4.56 inakupa kilo 570 na hiyo ndio mwisho wangu kwa gari yako. Ikitokea siku umeenda kwenye tairi za inchi 35 hesabu zote hizi futa, hapo 4.56 ndio inakuwa ya kawaida na 4.88 inaanza kuwa na maana.

Kabla ya kununua chochote hakikisha sasa hivi una ngapi kweli. Hizi gari zinapita mikononi mwa watu wengi, unaweza kukuta mwenye gari wa zamani alishabadilisha. Kuna kibati cha Toyota chenye namba ya chesisi, pale kwenye mstari wa giaboksi na ekseli kuna msimbo ambao duka la spea la Toyota linausoma, lakini kibati kinasema ilivyotoka kiwandani tu. Njia ya uhakika ni hii. Gari sehemu tambarare, zuia tairi za mbele kwa mawe au vibao, giaboksi nyutro, hendibreki iachie kwa sababu kwenye 79 inakamata tairi za nyuma. Inua tairi moja tu la nyuma, weka stendi imara chini ya ekseli usitegemee jeki. Piga chaki kwenye tairi lililo juu na chaki kwenye propela. Kijana mmoja azungushe tairi mizunguko 20 kamili taratibu, wewe lala pembeni hesabu propela. Kwa vile tairi moja limesimama chini difu inagawa nusu, kwa hiyo mizunguko 20 ya tairi ni 10 ya krauni: propela ikizunguka 41 una 4.1, ikiwa 39 una 3.9, ikiwa 43 una 4.3. Kama difu yako ina loki na imekamata, tairi halitazunguka peke yake, hapo inua yote mawili na uhesabu mizunguko 10. Dakika kumi umemaliza na huna tena haja ya kubishana na mtu.

Ukiamua kubadilisha, badilisha mbele na nyuma, na hili usikubali ushauri mwingine. 79 yako ukitia 4WD (fowili) chenji keshi, ile ya kati inayogawa nguvu mbele na nyuma, haina difu, propela ya mbele na ya nyuma zinazunguka pamoja kwa nguvu. Nyuma ikiwa 4.3 na mbele 4.1 siku ukifunga friwili (loki za vitovu vya tairi za mbele) ukatia fowili kwenye ardhi ngumu tairi za mbele zinataka kwenda mwendo mwingine na za nyuma mwingine, kitu kitapasuka, chenji keshi au krosi au ekseli ya mbele. Kuna wanaobadilisha nyuma tu wakasema fowili situmii. Gari ya kuchimba visima haitumii fowili? Haya. Na kumbuka nyumba ya mbele sio saizi moja na ya nyuma, ya nyuma ni inchi 9.5 ya mbele inchi 8, kwa hiyo ni seti mbili tofauti unanunua, na ya mbele ndio ngumu kuipata. Anza kuitafuta hiyo kwanza, ukiikosa usiguse ya nyuma.

Kufunga sio kazi ya fundi wa kila kitu. Pinioni inatakiwa ikae kina chake kwa shimu, beringi zikazwe kwa kipimo, mwanya kati ya meno upimwe na saa ya kupimia, kwa difu ya nyuma ya inchi 9.5 ni milimita 0.15 mpaka 0.20, kisha meno yapakwe rangi yazungushwe uone alama inakaa katikati ya jino. Mwulize fundi kabla hujamwachia gari, saa ya kupimia anayo? Akikujibu kwamba yeye anasikiliza kwa mkono, chukua ufunguo wako uondoke. Beringi na oil sili weka mpya zote, hela ya kubana sio hapo. Oil ya difu GL-5, 80W-90 au 85W-90. Na wiki za mwanzo usivute tela, hili watu hawalifanyi na ndio maana difu mpya zinalia baada ya miezi mitatu: tembea dakika 15 au 20 simama ipoe kabisa, rudia siku mbili tatu, fika kama kilomita 800 na gari nyepesi, mwaga oil, itakuwa na unga wa chuma, weka nyingine ndio ufunge kompresa.

Kuhusu uendeshaji nina machache. Ukiwa na tela sahau gia ya tano, gia ya nne kwenye giaboksi yako ni moja kwa moja, nguvu inapita bila kupitia meno mengi na giaboksi inapoa. Kwenye mlima usisubiri ife ndio ubadilishe, ikigusa 2,000 na bado inashuka rudi gia mapema. Kwenye saiti mnapogeuza kompresa kwa rivasi kwenye kona ndogo, fungua friwili za mbele ziwe huru halafu tia lo (gia ya chini ya chenji keshi): unapata gia fupi ya kama mara mbili na nusu na ni tairi za nyuma tu zinazoendesha, klachi haiungui na gari haikazi kwenye kona. Ila mguu uwe mwepesi, hapo torki yote iko kwenye ekseli moja.

Halafu kushuka. Umeniuliza kupanda tu, hujasema chochote kuhusu kushuka na kwangu hilo ndio linatisha zaidi. Kitonga unayoipanda na kompresa utaishuka nayo. Gia uliyopandia ndio ushukie, gia mbili, kuanzia juu kabla hujaanza kuteremka, usije ukajaribu kuitafuta katikati ya mlima. Injini ya dizeli kama hiyo haizuii sana yenyewe na difu ya namba ndogo inapunguza hata hicho kidogo, sababu nyingine ya kuikimbia 3.9. Na tela la tani 2.5 lazima liwe na breki zake zinazofanya kazi. Kompresa nyingi zinakuja na breki za kujisukuma kwenye kichwa cha tela, ile tela likikusukuma breki zinakamata, lakini ukienda kuangalia kebo imekatika zamani au imefungwa na waya. Lala chini uangalie leo, kabla ya habari ya difu. Kama breki za tela hazifanyi kazi, hela ya krauni na pinioni ipeleke huko kwanza.

Na hizo tani tano na nusu ni za kukadiria. Siku mkipita mizani ya barabarani pima gari na tela pamoja, kisha ukipata nafasi pima tela peke yake, angalia na kitabu cha gari kinaruhusu kuvuta kiasi gani. Mabomba ya chuma huwa yanazidi makadirio. Ukipata jumla ya tani 6.2 kwa mfano, ile 520 inakuwa karibu 590 na hapo hata 4.3 haikutoshi kwenye gia mbili, afadhali mabomba yaende na gari nyingine. Nitumie uzito huo pamoja na hesabu ya propela nikupigie upya.